Mombasa mpaka Turkana na Land Cruiser

Jamani tumefika Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na bado siamini, kutoka Mombasa na masahibu zangu ndani ya Land Cruiser kuukuu ya mmoja wetu. Voi, Mtito, Nairobi, huko lami tu sina la kusema. Hata Isiolo mpaka Marsabit lami safi, raha tupu.

Kazi inaanza ukiiacha ile lami ukashika njia ya Maikona kwenda jangwa la Chalbi. Wallahi hapo ndo utajua gari ni nini, chini kweupe chumvi tupu, juu paonekana pakavu lakini ukikanyaga penye unyevu lile ganda lapasuka na tairi zinazama, basi tukashuka tukapunguza upepo tairi zote nne mpaka zikalala kidogo, zikitanuka vile hazichimbi sana, tukifika penye mawe twajaza tena na pampu ya kuchomeka kwa betri. Na hayo mawe meusi ya volkano kukaribia ziwani yana makali balaa, moja lilituchana tairi ubavuni na ubavu hauzibiki, ni spea tu. Sahibu yetu mmoja ni dereva wa malori pale Changamwe, aliibadilisha upesi mno mashallah, nampenda sana yule kijana.

Ziwa lina rangi ya kijani na upepo wasukuma mtu mzima, si ajabu kule wameweka mitambo 365 ya kufua umeme wa upepo.

Mkienda bebeni spea mbili, maji mengi, na mafuta jazeni Marsabit.