Picha ya Mwenyeheri Karl: nimefuta taji, naanza na kitanda

Jumamosi ya nne. Leo nimepiga msasa ubao wote na kupaka nyeupe upya.

Nilikuwa nimeanza na kutawazwa kwa Karl, kaizari wa mwisho wa Austria, kuwa mfalme wa Hungaria, Budapest, tarehe 30 Desemba 1916. Ana miaka 29, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vinaendelea, na kichwani ana taji la Mtakatifu Stefano, lile ambalo msalaba wake wa juu umelala upande. Huo msalaba peke yake ulinichukua jioni tatu. Ulitoka vizuri. Lakini kila niliporudi nyuma hatua mbili kuitazama picha, nilimwona mfalme aliyependeza, basi.

Si kwamba siku ile kwake ilikuwa sherehe tu. Alikula kiapo mbele ya Mungu na kupakwa mafuta matakatifu, na kiapo hicho alikishika. Novemba 1918 alikubali kukaa kando ya shughuli za serikali, ila kujiuzulu alikataa katakata. Mwaka 1921 alijaribu mara mbili kurudi Hungaria, akashindwa, ndipo Mataifa ya Ushirika, yaliyoshinda vita, yakampeleka uhamishoni kisiwa cha Madeira cha Ureno pamoja na Zita, mkewe. Wengi humwita mtawala dhaifu kwa kuwa hata juhudi zake za siri za amani, mwaka 1917 kupitia shemeji yake Sixtus, ziliambulia patupu. Mimi siafiki. Katika vita vile, kaizari aliyetafuta amani kwa dhati alikuwa na moyo wa kishujaa kuliko majenerali wake.

Kwa hiyo sasa nachora chumba alichofia, katika nyumba ya Quinta do Monte, juu ya mji wa Funchal huko Madeira. Fedha zilikuwa zimewaishia, wakahamia huko mlimani kwenye ukungu na unyevu. Machi 1922 alishuka mjini kumtafutia mwanawe zawadi ya siku ya kuzaliwa, akapatwa na baridi, kifua kikabana, ikawa nimonia. Alifariki tarehe 1 Aprili, na miaka 34 tu. Zita alikuwa na mimba ya mtoto wao wa nane.

Siku chache kabla ya kufa alimwita Otto, kifungua mimba wake, mwenye miaka tisa. Angependa kumwepusha na uchungu ule, lakini alitaka kijana aone mwenendo wa Mkatoliki, na wa kaizari, saa ya namna hiyo.

Hapo ndipo nilipokwama kwenye mchoro wa majaribio. Rangi ya shuka nimeipata: nyeupe yenye tone la kijivu na kahawia kidogo, ionekane ya chumba chenye unyevu. Msalaba nimeuweka mkononi mwake. Zita nimemkalisha karibu na mto, kwa sababu picha hii itatundikwa chumba cha mafundisho ya ndoa, na ni yeye ambaye Karl alimwambia, baada ya harusi yao ya 21 Oktoba 1911, kwamba sasa kazi yao ni kusaidiana kufika mbinguni. Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza mwenyeheri mwaka 2004, kumbukumbu yake iliwekwa siku hiyohiyo ya ndoa.

Bado mikono ya Otto. Nimeichora ikiwa imefumbatana kwa sala, nikaifuta. Mtoto wa miaka tisa angeshika ukingo wa kitanda. Nasubiri nyeupe ikauke, Jumamosi ijayo naanza na vidole.