Boksi halitumwi, chezeni mtandaoni: Vita Baridi kati ya Minneapolis na Dar

Gharama ya kutuma boksi moja la Twilight Struggle, mchezo wa ubao wa Vita Baridi, kutoka Minneapolis, Marekani, hadi Dar es Salaam imezidi bei ya boksi lenyewe. Hapo bado ushuru wa kulikomboa, na hilo mlioko nyumbani hamhitaji kuelezwa. Inauma, maana ubao ule na kadi zile ulitaka vimfikie rafiki mkononi. Basi msitume. Chezeni mtandaoni, lakini mcheze hadi mwisho, kwa sababu wengi huanza kwa moto na hawafiki mzunguko wa nne.

Kwa asiyeujua: wachezaji ni wawili, mmoja Marekani, mwingine Urusi ya Kisovieti, ramani ya dunia katikati yao. Umetungwa na Ananda Gupta na Jason Matthews, ukatolewa na GMT Games mwaka 2005. Kadi 110, mizunguko 10. Karibu kila kadi ina tukio la kihistoria na namba ya nguvu, ya kueneza ushawishi wako au kupindua nchi, na wewe huchagua utumie lipi. Ugumu uko hapa: ukitumia nguvu ya kadi yenye tukio la mpinzani, tukio lake linatokea vilevile. Nusu ya akili ya mchezo huu ni kupanga lini ujiumize.

Njia ya kwanza ni programu ya mchezo huu iliyotolewa na kampuni ya Playdek mwaka 2016. Inajua kanuni zote, inarusha dadu, inaficha kadi zenu. Kila mmoja anunue nakala yake, na rafiki aliye nyumbani aishushe penye Wi-Fi, asiteketeze bando. Mkianzisha mchezo, wekeni muda wa siku, si wa dakika. Anayefanya kazi ya zamu huku Marekani hawezi kucheza kwa dakika.

Njia ya pili ni Vassal, programu ya bure ya kuchezea michezo ya ubao kwenye kompyuta. Vassal haikukumbushi kanuni hata moja. Unawasha kurekodi kabla hujagusa kadi, unacheza, unazima, unamtumia mwenzako faili kwa barua pepe. Hapa huharibika mambo mawili: matoleo ya mchezo yasiyofanana kwenye kompyuta zenu, na kusahau kuwasha rekodi mpya baada ya kutazama faili la mwenzako. La pili ndilo baya zaidi. Unacheza zamu nzima, unatuma, naye haoni kitu.

Saa nazo. Saa mbili usiku ya Dar ni saa sita mchana Minneapolis wakati wa kiangazi. Kuanzia Novemba hadi Machi inakuwa saa tano asubuhi, kwa sababu saa za huku hurudishwa nyuma na za kwetu hazitikisiki. Mkipanga, andikeni 20:00 ya Dar. Ukiandika "saa nane" tu, mmoja atahesabu Kiswahili na mwingine Kizungu.

Sasa kinachowaua wageni: DEFCON, kipimo cha hatari ya nyuklia. Huanza 5, na kila mapinduzi (kurusha dadu ili kung'oa ushawishi wa mpinzani) katika nchi nyeti, zile zenye uzito zaidi kwenye pointi, huishusha moja. Ikifika 4, Ulaya hakupinduliwi tena; ikifika 3, Asia nako; ikifika 2, Mashariki ya Kati nako. Ikifika 1, hupoteza aliye kwenye zamu yake, hata kama mkono uliopindua ni wa mpinzani. Ndiyo maana Msovieti aliyeshika kadi ya CIA Created asiicheze DEFCON ikiwa 2: kadi hiyo humpa Marekani nguvu 1, anaipindulia nchi nyeti, mchezo umeisha. Huwezi kuitupia kwenye mbio za anga, pa kutupia kadi bila tukio lake kutokea, maana huko nguvu 1 haikubaliki. Kila mzunguko hubaki kadi moja mkononi; fanya iwe hiyo. Mzunguko mpya ukianza DEFCON hupanda moja, na hapo unaitoa mapema.

Na hapa nina la moyoni. DEFCON ikiwa 2, uwanja wa mapinduzi unabaki Afrika na Amerika ya Kati na Kusini. Kila mzunguko unadaiwa nguvu za kijeshi, hasa zile ulizotumia kupindua, sawa na namba ya DEFCON, ukipungukiwa mpinzani anachukua pointi. Kwa hiyo watu hupindua Kenya ili kutimiza hesabu tu, kwa sababu si nchi nyeti na haishushi DEFCON. Uimara wake, yaani ugumu wa kuipindua, ni 2: kwa kadi ya nguvu 2, dadu ikitoa 3 umeshinda. Tanzania haina hata jina. Imo ndani ya kisanduku cha mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Afrika, uimara 1. Kwa kadi hiyohiyo hushindwi, hata dadu itoe 1.

Halafu ipo kadi ya kuporomoka kwa milki ya Ureno, inayompa Msovieti ushawishi 2 Angola na 2 katika kisanduku hichohicho. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962! Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikaa Dar tangu 1963! Na kadi ya China, yenye nguvu 4, hupata ya tano ikitumika Asia peke yake, wakati reli ya TAZARA ilijengwa na Wachina kwetu, 1970 hadi 1975. Mchezo ni mzuri mno, nausifu bila kusita, ila Afrika yake imechorwa kutoka Washington na Moscow. Mfundishe mwenzako ubao na historia pamoja.

Unayejiandaa kuja ughaibuni, cheza mchezo mmoja mzima ana kwa ana na rafiki kabla ya kupanda ndege. Huku simu za nyumbani hugeuka haraka kuwa "tumekwama, tusaidie" na "vipi baridi". Rafiki anayesubiri zamu yako hakuombi kitu, nawe huna cha kumringia. Mnabishana kuhusu Angola, na usiku wa Januari unapita.

Kadi ya kuhesabu pointi za Afrika huingia mzunguko wa nne. Uwe umeshaweka ushawishi Angola, Zaire na Nigeria kabla ya hapo. Uimara wa zote tatu ni 1.