Nilivyobadilisha shokapu za mbele uani kwangu, Moshi

Shokapu haifi ghafla. Inakufa kidogo kidogo, na mwenye gari anaizoea hali hiyo mpaka anaona ndivyo gari ilivyo. Mimi naishi Rau, wazazi wangu wako Uru, na Corolla yangu ya mwaka 2003 haijui tambarare: ni kupanda na kushuka, lami kisha mawe, na masika yakishapita mawe yanabaki yamechomoza kama meno. Pua ya gari ilipoanza kuendelea kucheza baada ya kila tuta, na kuzama mbele kila nikishika breki, nikajua shokapu za mbele zimemaliza kazi. Nikaamua kuzibadilisha mwenyewe nyumbani.

Sikufanya hivyo kwa kukosa fundi. Moshi mafundi wapo, na wazuri wapo. Nilichokitaka ni muda. Kwenye gereji yenye foleni, fundi anatoa shokapu iliyokufa, anaweka mpya juu ya raba zile zile za zamani, gari inatoka. Gari yangu iliyotangulia ilifanyiwa hivyo, na shokapu mpya zikaanza kuvuja mapema mno: kava za vumbi zilikuwa zimechanika na hakuna aliyezigusa. Tangu hapo naamini kwamba shokapu nyingi zinauawa na vitu vidogo vinavyozizunguka, na nyumbani ndipo unapopata nafasi ya kuvishika kimoja kimoja.

Niseme kidogo kilichomo ndani, maana kinasaidia hata dukani. Uzito wa gari unabebwa na springi. Springi ikibanwa na shimo inataka kurudi, ikirudi inapitiliza, kisha inarudi tena, na gari ingeendelea kuruka hivyo kama isingekuwa shokapu. Ndani ya shokapu kuna mafuta na pistoni yenye vitundu vidogo. Rodi inayoishika pistoni ikisukumwa, mafuta yanalazimika kupenya kwenye vitundu hivyo kwa shida, na ile nguvu ya mtikisiko inageuka joto. Ndiyo maana shokapu nzima ikitoka njia mbaya huwa ya moto. Nyingi za siku hizi zina gesi ya naitrojeni pia, ili mafuta yasifanye povu yanapochemka kwa kazi. Sili ya juu, ile raba inayozuia mafuta yasitoke, ikichoka mafuta yanatoka, vumbi linaingia, na kinachobaki ni bomba linaloshikilia tairi tu.

Kabla ya kutoa hela nilihakikisha. Nilikandamiza kona ya mbele ya gari kwa uzito wangu wote kisha nikaachia: kona yenye shokapu nzima hupanda mara moja na kutulia, yangu iliendelea kupanda na kushuka. Nikapapasa tairi, nikakuta limeliwa kwa mabonde mabonde, dalili kwamba lilikuwa likirukaruka barabarani badala ya kukanyaga. Nikachungulia kwa tochi, shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta yaliyoshikana na vumbi. Unyevunyevu kidogo karibu na sili si tatizo, ila mafuta yaliyotiririka hadi chini ni habari nyingine.

Kulikuwa pia na mlio wa kugonga. Hapo ndipo watu wengi wanapoteza fedha, kwa sababu gari ikigonga mbele inaweza kuwa stabilaiza linki (kifimbo kinachounganisha shokapu na chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), boljointi, bushi za mkono wa chini, au maunti, yaani ile raba ya juu yenye beringi inayoiunganisha shokapu na bodi. Nilimwomba mpwa wangu akae kwenye usukani akate taratibu huku na huku, nami nikaweka kiganja juu ya springi. Springi ilikuwa inakwama, kisha inaruka ghafla. Beringi ya maunti imekufa. Linki nazo nilipozitikisa kwa mkono zilikuwa na mchezo, yaani zimelegea. Nikaziweka zote kwenye orodha.

Kwenye duka la spea mjini niliulizwa namba ya chesisi, na nawashauri wenzangu muwe nayo kila mara, kwa sababu Corolla za miaka inayokaribiana zinatofautiana. Shokapu za mbele zina kushoto na kulia, haziingiliani, na hununuliwa mbili kwa pamoja hata kama iliyovuja ni moja, la sivyo gari itavuta upande mmoja. Used zilikuwepo kwa bei nafuu sana. Nilizikataa. Injini iliyotumika Japani unaweza kuisikiliza ikinguruma ukaamua. Shokapu iliyokaa kwenye rafu miaka hujui sili yake imekauka kiasi gani. Nilichukua mpya, nikaongeza maunti, kava za vumbi, vile viraba vinene vinavyokaa kwenye rodi kuzuia chuma kugonga chuma, na linki. Muuzaji akaniambia, "Kaka, maunti zako utarudishia tu, mbona watu wanarudishia." Nikamshukuru na kulipa zote.

Springi kompresa, vile vifaa vya kubania springi, niliazima kwa fundi ninayefahamiana naye wa Majengo. Toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, nilipewa na jirani, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, akanipa pamoja na onyo: "Mwanangu, ile nati ya katikati usiiguse mpaka springi imebanwa. Nimeona mtu amevunjwa taya." Onyo hilo ndilo moyo wa kazi hii nzima. Shokapu ikiwa bado imeungana na springi yake, ile nati moja iliyo katikati ya maunti ndiyo inayozuia nguvu yote ya springi. Ukiifungua kabla ya kubana, springi inaruka na kila kitu kilicho juu yake.

Kazi yenyewe nilianza asubuhi, gari ikiwa kwenye zege, breki ya mkono imevutwa, tairi za nyuma zimewekewa magogo. Nililegeza nati za tairi gari ikiwa bado chini, nikainua kwa jeki, kisha nikaishusha juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake si ya kuaminiwa. Mafuta yake yakikimbia gari inakukalia.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimenyunyizia boliti zote mafuta ya kulainisha kutu, baada ya kuzisugua kwa brashi ya waya. Msaada wake niliuona. Niliondoa paipu ya breki na waya wa ABS (mfumo unaozuia tairi kukwama ukishika breki) pale zinaposhikwa kwenye shokapu, nikafungua linki. Linki inakera, kwa sababu nati ikizunguka na pini ya ndani nayo inazunguka, kwa hiyo unashika katikati kwa alenki, ile spana ya pembe sita inayoingia tunduni, huku unafungua nati kwa spana.

Boliti mbili kubwa zinazoishika shokapu kwenye nako, kile chuma kinachobeba tairi, ndizo zinazodai nguvu. Kabla ya kuzigusa nilichora alama kwa rangi kuonyesha zilivyokaa, maana mlalo wa tairi unategemea hapo. Nikachomeka bomba kwenye mkono wa spana, mpwa wangu akashika upande wa pili, zikaachia. Kuzitoa nilirudishia nati kiasi mwishoni mwa uzi na kugonga nati hiyo, nisije nikaharibu uzi wa boliti. Hapo nako inataka kuangukia nje, na ikianguka inavuta paipu ya breki na kuichomoa shafti inayozungusha tairi. Niliifunga kwa waya wa kujengea kwenye springi kabla boliti ya mwisho haijatoka, na ilipokaa vizuri nikauhamishia waya kwenye bodi. Juu, chini ya boneti, kuna nati tatu. Mpwa wangu alizifungua huku nimeishika shokapu kwa chini, ikashuka mikononi mwangu na springi yake.

Kubana springi sikukufanyia haraka. Kompresa ni mbili, zinakaa pande zinazotazamana, na kila moja inaumana na pingili nyingi kadiri inavyowezekana. Unakaza hii kidogo, unahamia ile kidogo, mpaka springi inapoacha kugusa kiti chake cha juu na unaweza kuizungusha kwa mkono. Sikusimama mbele ya ncha yake hata mara moja, na nilimkataza kijana asiinamie. Ilipolegea ndipo nikafungua nati ya katikati.

Ningependa kila mwenye gari afanye nilichofanya baada ya hapo. Nilisimamisha shokapu ya zamani na mpya sakafuni, nikazisukuma rodi kwa kiganja. Ya zamani ilizama kama haina kitu ndani, ikabaki huko huko chini. Mpya ilinibidi niilalie, ikashuka kwa ubishi, na nilipoachia ikapanda yenyewe polepole mpaka juu. Mpwa wangu alirudia mara kadhaa, halafu akauliza, "Mjomba, kwa hiyo tulikuwa tunapanda Uru na hii?" Kuisukuma hivyo mara chache ikiwa wima kuna faida nyingine: kunatoa hewa iliyojikusanya ndani wakati ilipolazwa dukani.

Kuunganisha ni kurudi njia ile ile, ila kuna mambo mawili. Mwisho wa springi lazima ukae kwenye kituo chake katika kiti cha chini. Ukikosea hapo springi itahama na kulia. Na rodi isishikwe kwa plaizi hata siku moja. Imepakwa kromu laini, na mkwaruzo mdogo tu unatosha kuikata sili kila inapopita. Nilitumia sehemu iliyochongwa kwenye ncha yake ya juu kuizuia isizunguke. Nikavisha kiraba, kava, springi, maunti, nikakaza nati ya katikati, na kulegeza kompresa kwa zamu vile vile nilivyozikaza.

Boliti za nako kwenye Corolla ya umbo hili zinataka nyutoni mita 153, na nati tatu za juu 39 tu, ambazo ni rahisi sana kuzikata ukitumia hasira. Toki renchi ya mzee iliondoa ubishi wote. Upande wa kulia ulikwenda upesi kuliko wa kushoto. Nati za tairi nilizimalizia gari ikiwa chini, nyutoni mita 103.

Kesho yake nilikwenda kufanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, na hili si la hiari hata kama ulichora alama. Kipimo kilionyesha matairi ya mbele yameingia ndani kidogo. Ningeyaacha hivyo yangeisha upande mmoja. Kutoka hapo nikapanda moja kwa moja Uru. Kwenye yale mawe gari ilikuwa inashuka na kutulia, na ule mlio wa kukata kona haupo tena. Niliporudi nilipitia nati zote kwa spana. Ya linki moja ilikubali robo mzunguko, nyingine hazikusogea.

Kilichobaki ni mvumo wa matairi kwenye lami. Shokapu mpya haiponyeshi tairi lililokwisha kuliwa mabonde, kwa hiyo yale mawili nimeyahamishia nyuma, na mapya ndiyo ninayoyawekea akiba sasa. Shokapu za nyuma nimezikagua, ni kavu na zinashika, nimeziacha. Zile za mbele za zamani zina gesi ndani, hazifai kukatwa wala kutupwa motoni. Nilizipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu na kumweleza hivyo.