Safu moja au mbili? Vikombe vya pweza wa vilindini vimesomeka

Vimesomeka hatimaye! Ufunguo wangu, yaani mwongozo wa hatua kwa hatua wa kutambua pweza wa vilindini kwa picha peke yake, ulikwama kwenye safu za vikombe, vile vya kunatia vilivyo kwenye minyiri, tangu msimu wa mvua. Jana usiku, kabla stima haijapotea hapa Umoja, Nairobi, picha zote zenye ubishi zilipata pa kukaa.

Wenye mapezi hawakuwahi kunisumbua kiasi hicho. Ukiona mapezi mawili na nyuzi laini kando ya vikombe, uko kwa akina Grimpoteuthis, Cirroteuthis na jamaa zao. Taabu ni wasio na mapezi. Kwao vitabu vinadai umbo la meno ya ulimi, idadi ya nyuzi za matamvua, ncha ya mnyiri wa tatu wa kulia wa dume. Hayo ni mambo ya mnyama aliyelala mezani, na mimi niko zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini na picha za roboti za kupiga mbizi nilizopakua FathomNet, hazina ya mtandaoni ya picha za baharini. Mfuko wa wino nao hausaidii, kwa kuwa katika jenasi mbili ninazohangaika kuzitenganisha, Graneledone hana na Muusoctopus hana. Tofauti inayoonekana kwa macho ni vikombe: Graneledone ana safu moja, Muusoctopus mbili.

Lakini pweza hatulii. Akinyoosha mnyiri, safu mbili hukaribiana mpaka ukaziona kama mstari mmoja. Akiukunja, safu moja hubanana, vikombe vikasukumana huku na huku, ukaapa ni mbili. Karibu na mdomo ndiyo balaa zaidi, maana hata wenye safu mbili mara nyingi huanza na vikombe vichache vya kimoja kimoja. Mnyama yuleyule, video ileile, majibu mawili. Nilikereka hadi nikafunga laptopu na kuiacha siku kadhaa.

Ufumbuzi ulitoka City Market. Nilimwomba mama muuza samaki anitafutie pweza wa pwani mwenye minyiri mizima, nikamlaza kwenye sinia, nikavuta mnyiri mmoja kidogo kidogo huku nikipiga picha kila hatua. Kisha nikapima kwa ImageJ, programu ya kupimia vitu kwenye picha. Huyu ni wa safu mbili, na hata nilipovuta mpaka ngozi ikakaza, vikombe viliendelea kupishana kulia na kushoto kama nyayo za mtu anayetembea. Havikunyooka kabisa.

Basi kanuni ni hii: hukumu itolewe mnyiri ukiwa umenyooshwa, na itolewe katikati ya mnyiri, si mdomoni. Safu moja ikivutwa hunyooka. Mbili ikivutwa hubaki ikipishana. Mnyiri uliokunjwa unaandikwa "haionekani", hata kama moyo unakuambia unajua. Hapo ndipo wale mama wa Muusoctopus robustus wanaoatamia karibu na mlima wa Davidson, California, kwenye kina cha mita 3,200 hivi, wanaposumbua: wamejikunja, vikombe vimegeukia nje. Inabidi usubiri mmoja anyooshe mnyiri. Yule mweupe aliyeonekana karibu na Hawaii mwaka 2016, mita 4,290 chini, alipita moja kwa moja: safu moja, kama wataalamu walivyosema.

Niseme wazi kuhusu zana. Programu za simu zinazokutajia jina la spishi papo hapo sizitaki kwa wanyama hawa. Zinatoa jina kamili mahali ambapo jibu la haki ni jenasi, pengine familia tu. Penseli na daftari vimenifaa kuliko zote, kwa sababu ukichora kikombe kimoja kimoja huwezi kuruka usichokiona.

Hatua iliyofuata ilikuwa chunjua za ngozi za Graneledone. Nimeiweka kando. Nilipokuwa natafuta michoro ya zamani niliangukia Opisthoteuthis medusoides, mwenye mapezi, aliyeelezwa mwaka 1915 kutokana na safari ya meli ya Kijerumani Valdivia, na aliyepatikana karibu na Dar es Salaam. Karibu na Dar! Mimi nahangaika na California na Hawaii ilhali jirani ana hazina yake. Nimefungua lahajedwali mpya ya bahari yetu, kuanzia Somalia hadi Msumbiji, na usiku wa leo bando lote ni la kupakua michoro ya Valdivia.