Jua la Utosini: Likizo ya Dar Iliyonifundisha Kupaka Rangi Visanamu

Huu ni mwaka wangu wa saba Nottingham, Uingereza, na tangu mwishoni mwa Februari nimo nyumbani kwa mama, Magomeni, kwa likizo ya miezi miwili na nusu. Mnaoishi ughaibuni mnajua sanduku la kurudia Dar linavyojaa: viatu vya shangazi, nguo za watoto, simu aliyoagiza binamu. Safari hii, chini ya vyote hivyo, niliweka kisanduku cha plastiki chenye visanamu ishirini vya metali, kila kimoja kikiwa na kimo cha milimita 28 hivi. Ni wanajeshi wa mchezo wa vita wa mezani, ambao wachezaji huwapanga kwenye meza yenye vilima na miti ya kuigiza, wakapima mwendo kwa rula na kuamua matokeo kwa dadu. Kabla ya kuchezwa sharti wapakwe rangi, na kwa wengi wetu huko kupaka rangi ndiko kunakochukua moyo wote.

Mji nilioangukia ni kitovu cha kazi hii. Kampuni ya kutengeneza visanamu ya Citadel Miniatures ilianzishwa mwaka 1979 katika mji jirani wa Newark, na makao makuu ya Games Workshop, kampuni ya michezo hii ya mezani, yako mtaa wa Lenton, hapo hapo Nottingham. Mwenzangu wa kazini alinikaribisha kwenye klabu yao katika majira yangu ya pili ya baridi, wakati ambapo Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni na mtu hubaki ndani akiwa na jioni ndefu isiyo na wa kuongea naye. Nilishika brashi, na zile jioni zikapata kazi ya kufanya.

Nilichagua kupaka askari na wapagazi wa Afrika Mashariki wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa kuwa hiyo ndiyo vita iliyopita kwetu. Nane wa mwanzo nilipowamaliza, sikupenda kuwatazama. Rangi ilikuwa nene hadi imefukia vifungo vya mashati, na nyuso zilikuwa na weupe wa majivu, kama za watu waliotoka kulala jivuni. Kwa mwaka mzima niliamini kwamba kinachonipungukia ni vifaa, nikawa naongeza chupa moja baada ya nyingine mpaka zikafika hamsini na kitu. Leo naandika kwa ajili ya yeyote aliyeanza kama mimi, kwa sababu kile nilichokuwa nakitafuta kwenye chupa nimekipata hapa Dar es Salaam, nikiwa na chupa tisa tu.

Niseme kwanza habari ya vifaa. Makopo ya rangi ya kupuliza hayaruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo nilibeba praima nyeusi (rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote) ya kupaka kwa brashi, na rangi za akriliki, ambazo huyeyushwa kwa maji. Tatizo la pili lilinikuta mezani. Kwa joto la Machi, tone la akriliki juu ya kisahani hukauka kabla hujamaliza mkono mmoja wa kisanamu, na ukiwasha feni hukauka hata kwenye ncha ya brashi. Dawa yake ni paleti yenye unyevu, na haihitaji kununuliwa popote: nilichukua kontena la plastiki lenye mfuniko, nikatandika sifongo ya kuoshea vyombo iliyolowa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Maji hupanda kidogo kidogo kupitia karatasi na kuiweka rangi katika hali ya kutumika kwa saa kadhaa. Tumia maji ya kunywa, hasa kama bomba lenu, kama letu, linaleta maji ya kisima yenye chumvi, na ubadilishe maji hayo kila siku, kwani kwa joto hili sifongo huanza kunuka upesi. Feni nimeihamishia kwa mama.

Kuhusu unene wa rangi, kila mwalimu wa kazi hii huwaambia wanafunzi wapake tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Nilikuwa nimeusikia ushauri huo mara nyingi bila kuuelewa mkononi. Aliyenielewesha ni mzee mmoja mchoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, mahali ambapo wachoraji wanaendeleza mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya vibao vya mraba. Nilimwamkia, nikamwomba nikae nimtazame, naye akanisogezea kigoda. Mbele yake kulikuwa na vibao sita, vyote vimeshapakwa manjano na kukauka, na alikuwa anatia madoa ya chui. Hakukamilisha chui mmoja ndipo aende kwa mwingine. Alipita na rangi nyeusi vibao vyote sita, na alipofika cha mwisho, cha kwanza kilikuwa kimeanza kushika. Kila alipochovya brashi aliigusisha kwenye ukingo wa kopo, upande huu na upande ule, kisha kidole chake cha mwisho kikatua juu ya kibao na kubaki hapo kama nguzo, na vidole vitatu vilivyoshika brashi vikawa vinacheza juu ya nguzo hiyo.

Nilimwonyesha kisanamu nilichokuwa nacho mfukoni. Alikigeuzageuza, akakisogeza karibu na jicho.

"Unabeba rangi nyingi mno, mwanangu," alisema. "Futa kwanza, ndipo uguse."

Jioni ile ile nilifanya hivyo. Nilichanganya kaki na maji mpaka rangi ikawa kama maziwa yasiyo na malai, nikachovya, nikafuta ncha kwenye kitambaa, nikatua kidole cha mwisho juu ya kizibo cha chupa nilichokigandishia kisanamu, ndipo nikagusa shati. Tabaka la kwanza lilionyesha praima chini yake, na hapo ndipo zamani nilipokuwa nakata tamaa na kuongeza rangi. Safari hii niliwaacha, nikapita wote sita waliokuwa mstarini, nikarudi kwa wa kwanza. Baada ya tabaka la pili kaki ilikuwa imetulia, na vifungo vyote vinne vilikuwa vinahesabika. Brashi yenyewe ilikuwa namba mbili, si ile nyembamba kama uzi ambayo wanaoanza huikimbilia. Brashi nene kiasi yenye ncha nzuri huhifadhi unyevu, na ile ya uzi hukaukiwa na rangi njiani.

Jambo lililonibadilisha zaidi lilitokea mwanzoni mwa Machi, Posta, kwenye Sanamu ya Askari. Nilikuwa nimetoka kufuatilia karatasi za mama, nikasimama kivulini mwa jengo upande wa pili wa Mtaa wa Samora kumsubiri mpwa wangu. Sanamu ile ya shaba nyeusi, iliyozinduliwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa vita ile, nimepita chini yake tangu nikiwa mwanafunzi wa msingi, na sikumbuki kama niliwahi kuitazama. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, kwa hiyo mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10, jua hupita utosini kabisa, na kwa saa zetu hilo hutokea kama saa sita na nusu mchana mwezi Machi. Nilikuwa nimesimama pale saa hiyo hasa. Juu ya kofia ya yule askari, juu ya mabega, juu ya mkono ulioshika bunduki iliyoelekezwa bandarini, shaba nyeusi ilikuwa inang'aa karibu na weupe. Chini ya kidevu, kwapani na chini ya mifuko kulikuwa na giza tupu. Kila mkunjo wa nguo ulikuwa na mgongo wenye mwanga na tumbo lenye kivuli, na kwa ajili hiyo tu jicho langu, kutoka upande wa pili wa barabara, lilijua pale kuna mtu aliyevaa shati.

Kisanamu cha milimita 28 ni kidogo mno kupata vivuli vyake chenyewe kwa mwanga wa chumbani. Mchoraji ndiye anayelazimika kumpakia jua. Wenzangu wa Nottingham wana mbinu yao ya kutanguliza praima nyeusi na kupuliza nyeupe kutokea juu, na mimi nilikuwa nikiifuata kama kanuni ya mapishi bila kuona inaiga kitu gani. Kumbe ni jua la utosini, ambalo nimekulia chini yake. Mpwa wangu alipofika nilimwomba tusiondoke kwanza. "Mjomba, unatafuta nini?" aliuliza, nikamwonyesha kidevu.

Kwa kuwa sikuwa na kopo la kupuliza, niliingia Kariakoo nikanunua brashi ya kupakia poda, ile nene na laini wanayotumia wapambaji wa maharusi. Nikaichovya kwenye rangi nyeupe, nikaifuta karibu yote kwenye kitambaa mpaka ikabaki vumbi tu, kisha nikapitisha juu ya visanamu vyenye praima nyeusi, kila mara kutoka juu kwenda chini. Nyeupe ilishika mabegani, mgongoni mwa mikunjo na kwenye vilele vya mizigo, na nyeusi ikabaki chini. Juu ya hapo kaki nyembamba iliacha vivuli vijitokeze yenyewe. Nguo zilinichukua nusu ya muda niliozoea.

Ngozi ndiyo iliyonishughulisha kwa siku nyingi, na sioni aibu kusema kwamba ni jambo linalonigusa. Karibu mafunzo yote niliyoyafuata nikiwa mwanagenzi yalikuwa ya ngozi ya Mzungu, ambapo mtu huanza na rangi ya waridi na kuipandisha kwa nyeupe. Nilipochukua kahawia na kuiongezea nyeupe vivyo hivyo, nikapata zile nyuso za majivu. Hapa nyumbani nilikaa barazani asubuhi moja mama akichambua mchele kwenye ungo, nikamtazama shavu. Palipokuwa na kivuli, chini ya taya na kandokando ya pua, kahawia yake ilikuwa imekoza na kuelekea zambarau. Palipokuwa na mwanga haikuwa imepauka hata kidogo. Ilikuwa imepata joto, nyekundu iliyochanganyika na rangi ya udongo, kama chungu kipya. Kisha juu ya mfupa wa shavu, pale tu, palikuwa na alama ndogo ya mng'ao, kali na baridi, karibu na buluu, iliyotembea kila alipoinamia ungo.

Nilifanya vile vile. Kahawia iliyokoza yenye tone la buluu kwa kuanzia. Juu yake kahawia iliyotiwa nyekundu, nikiacha vivuli. Kisha rangi ya udongo wa chungu kwenye paji la uso, daraja la pua, mashavu na vifundo vya vidole. Na mwisho kabisa nukta moja ya buluu iliyofifia kwenye mfupa wa shavu. Macho sikuyachora kwa huyu wa kwanza. Kwa umbali wa mkono mmoja, kivuli kizuri chini ya nyusi kinatosha, na jicho lililokosewa humfanya askari aonekane ameshtuka. Nilimwonyesha mama. Alivaa miwani, akamwangalia kwa muda, akauliza, "Huyu mbona hana viatu?" Nikamweleza kwamba askari wengi wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikwenda vitani miguu peku. Hakusema neno, akanirudishia.

Kuna kosa nililolifanya Machi hiyo hiyo ambalo ningependa wengine waliepuke. Nilipata dukani kopo la vanishi ya kupuliza isiyong'aa, nikawapulizia askari sita uani jioni, nusu saa baada ya mvua ya kwanza ya masika. Hewa yenye unyevu mwingi hunasa maji ndani ya vanishi inapokauka, na asubuhi niliwakuta wamefunikwa ukungu mweupe, kazi ya siku kumi na mbili. Niliwapaka vanishi ya maji inayong'aa kwa brashi, ukungu ukayeyuka kwa wanne. Wawili wamebaki na utando mabegani. Pwani, katika miezi hii, vanishi ipakwe kwa brashi ndani ya nyumba, au isubiri mchana mkavu.

Sasa zimebaki wiki tatu za likizo, na kwenye dirisha la chumba cha mbele wamebaki wapagazi kumi na wawili wenye praima na vumbi jeupe tu. Jina la Kariakoo, niliponunua ile brashi ya poda, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuingia mjini mwaka 1916. Katika seti yangu wao ndio wenye maumbo magumu zaidi, kwa kuwa mzigo wa kichwani hukata jua lote lisifike usoni, na yale niliyojifunza kuhusu mashavu hayatumiki. Mpwa wangu ana wazo kwamba mwanga unaowafikia hutoka chini, ukiakisiwa na mchanga. Kesho, mvua isiponyesha, tunashuka sokoni saa sita kuwatazama wachukuzi wenye magunia vichwani.