Kutoka wodini hadi uchambuzi wa data za afya: nilivyoipitia shahada ya uzamili

Kwa taaluma mimi ni muuguzi. Kujaza rejista na kujumlisha fomu za kila mwisho wa mwezi ndiko kulikonipa hamu ya kujua zile namba zinaishia wapi, nikaomba nafasi ya shahada ya uzamili. Wanaonifuata kwa ushauri huuliza kama mtu anaweza bila msingi mzito wa hisabati. Anaweza.

Majina ya kozi yanachanganya: epidemiolojia, takwimu za tiba, sayansi ya data za afya. Sikujali jina. Kila idara niliiandikia kuuliza jambo moja tu: je, wanafunzi wanashika data ghafi, au wanapewa zilizokwishasafishwa? Nilikwenda kwa waliosema tasnifu lazima ianzie kwenye data ghafi. Swali hilo naliamini kuliko orodha yoyote ya vyuo bora.

Kabla ya masomo nilirudia vipeo, uwezekano na logariti. Logariti hasa, kwa kuwa rejresheni ya logistiki, njia ya kukadiria uwezekano wa jambo la ndiyo au hapana, ambayo utakutana nayo kila mara, imejengwa juu yake. Nikaanza pia na R, programu ya takwimu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Auckland miaka ya 1990. Ni ya bure, kwa hiyo unaweza kuizoea hata kabla hujalipa ada.

Somo lililonifungua macho lilikuwa kusawazisha kwa umri. Ukigawa vifo vya mwaka kwa idadi ya watu, Japani ina vifo vingi kwa kila watu 1,000 kuliko Kenya, ilhali Wajapani huishi miaka mingi zaidi. Sababu ni kwamba Japani ina wazee wengi, na Kenya wengi ni vijana. Mhadhiri alitukataza kompyuta. Kwa kalamu, tulichukua kiwango cha vifo cha kila rika, tukakizidisha kwa sehemu ya rika hilo katika idadi ya watu ya kulinganishia iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani, kisha tukajumlisha. Picha ikageuka kabisa. Namwomba kila anayeanza aifanye hesabu hii kwa mkono walau mara moja. Programu itakupa jibu papo hapo, lakini hutaona ni rika lipi lililolivuta.

Kwenye tasnifu, uuguzi ulinifaa kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kugusa modeli yoyote nilichora grafu ya umri wa watu wote waliokuwemo kwenye data yangu. Ilisimama minara kwenye 30, 35, 40 na 45, katikati mabonde. Aliyewahi kukaa mapokezi akiuliza watu umri anaelewa mara moja: mtu akisita, inaandikwa namba ya kukadiria. Kuna kipimo cha Whipple, kinachoonyesha umri unaoishia na 0 au 5 umependelewa kiasi gani, na kinaangalia umri wa miaka 23 hadi 62. 100 maana yake hakuna upendeleo, 500 maana yake kila umri unaishia na 0 au 5. Nilikiripoti, kisha nikapanga makundi kama 28 hadi 32, ili aliyesogezwa hadi 30 kutoka mwaka wa jirani abaki katika kundi lake. Kulikuwa na kilima kingine kwenye 99. Maelezo ya data yalisema 99 ni umri usiojulikana. Ukiwaacha watu hao waingie kwenye wastani, jamii nzima inazeeka bila sababu.

Kwenye usaili wa kazi hawakuniuliza fomula. Niliwaonyesha skripti ya tasnifu, yaani faili la amri za programu nilizotumia kuchambua data, kila mahali nilipoondoa rekodi pakiwa na maelezo ya sababu, na karibu maswali yao yote yalitoka humo: kwa nini hawa wametolewa, matokeo yangekuwaje wangebaki. Anayelenga kazi hizi aanze kutunza skripti za namna hiyo tangu muhula wa kwanza, na ahakikishe hakuna jina wala namba ya mgonjwa iliyosalia ndani yake.