Andika mnakula mizizi

Siku ya nne leo, na bado namjibu yule mama wa kaunta ya basari, msaada wa karo. Namjibu nikipiga mswaki, namjibu kwenye foleni ya chapati, na juzi nilimjibu kwa sauti katikati ya mhadhara mpaka jirani yangu akanikanyaga mguu.

Kisa kilianza na asilimia 5. Kwenye karo ya chuo kikuu waliniweka bendi ya kwanza, ya wenye uhitaji mkubwa: asilimia 70 ufadhili wa serikali, 25 mkopo, 5 ya baba. Baba aliposikia alifurahi, “Tano tu?”, mpaka alipoambiwa ni tano ya kitu gani. Tangu hapo natembea na bahasha ya basari: fomu, nakala ya kitambulisho changu na vya wazazi, barua ya chuo, sahihi ya imamu, muhuri wa chifu. Fomu ile imepanda boti mwaka huu kuliko mimi.

Basi nikafika kaunta. Akasoma, kalamu mkononi.

“Kabila, Aweer. Aweer ndio nini, mwanangu?”

“Ndio mnaotuita Waboni, mama, wa kule Lamu.”

“Aaa, Waboni! Mbona hukusema?” Uso ukalainika. Akashuka na kalamu mpaka kwenye hali ya familia, pale nilipoandika baba ni mkulima na mrina asali. “Hii haikufai. Mkulima ni kila mtu. Andika mnaishi msituni, mnakula mizizi. Kamati itakuhurumia.”

Nami nikasema, “Ahsante, mama.” Nikakata, nikaandika. Kwa hati nzuri kabisa.

Angenitukana ningelala. Lakini alinivutia kiti, akanibania karatasi kwa stepla yake mwenyewe, akaniombea dua nikitoka. Kila nikipanga jibu kali namwona akizipanga zile nakala ncha kwa ncha, jibu linayeyuka. Wiki hii mgomo wa wahadhiri umekwisha, binti wa mama mdogo ameolewa Kiunga bila mimi, nimefanya mitihani miwili. Mimi nimesimama palepale. Mnakula mizizi. Nimejaribu kuhesabu nimekula mara ngapi. Mahindi ya baba nimekula, ufuta nimebeba kichwani mpaka shingo ikaingia mabegani.

Jana usiku mama yangu alifika pale penye mtandao, nikamsimulia. Kimya. Nikadhani simu imekatika, kumbe anacheka hata hawezi kusema.

“Mizizi ipi? Ile inayotaka kuchimbwa mchana kutwa, au ile inayowasha ulimi? Umewaandikia na mapishi?”

Nikaanza kucheka nami, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Ndipo akauliza, “Na asali umeiweka wapi?”

“Nimeikata.”

“Karo ya kidato cha nne ililipwa na nini?”

Sikuwa na la kusema.

“Babu yako uwindaji walimpiga marufuku 1977, upinde ukawa kosa. Asali hakuna aliyeigusa. Alimpigia mlembe mluzi, ndege akamwongoza mzingani, mpaka macho yakamwisha. Leo imepigwa marufuku na wewe, kwa biro.” Bado anacheka. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi asubuhi nimechukua fomu nyingine. Iko mezani. Kila kitu nimejaza, mrina asali nimeandika kwanza, mkulima baadaye, kwa herufi kubwa kidogo kuliko inavyostahili. Ila fomu mpya ni muhuri mpya, chifu yuko ng’ambo ya maji, na mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Ile ya mizizi ina kila muhuri.

Halafu jino. La nyuma, upande wa kushoto, limeanza tena tangu alfajiri, na karafuu zimeniishia.